Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo na Baraza la Chuo: rudisheni zamu, daftari na baraza kwenye malezi ya uongozi

Kwa Padri Mkuu wa Chuo,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo,
Kwa ofisi inayosimamia Malezi ya Uongozi,

Nairobi

Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Padri, tunakuandikia hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeibisha yote. Barua yetu ya kwanza ilipokelewa ofisini kwako na kugongwa muhuri mwanzoni mwa muhula uliopita. Ya pili tulimpelekea Mwenyekiti wa Baraza. Kikao tulichoahidiwa kiliahirishwa mara mbili, na mara ya tatu tukaambiwa kwa simu kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Jina la chuo hatulitaji hapa. Wahusika wanajijua, na chuo chenyewe tunakipenda mno kukianika.

Tunaoandika ni walezi wa kujitolea na wahitimu wa programu ya chuo ya Malezi ya Uongozi. Hatudai vyeo wala posho. Tunachosema ni kimoja: programu inayojiita ya Kibenediktini imebaki na maneno ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwenye mabango, huku matendo yaliyokuwa yakimlea kiongozi yakiondolewa moja baada ya jingine.

Inafaa wazazi na wanafunzi watakaosoma barua hii wajue Kanuni yenyewe ni nini. Benedikto aliiandika katika karne ya 6 huko Monte Cassino, Italia, kuwaongoza wamonaki, yaani watawa wa kiume wanaoishi pamoja katika nyumba iitwayo monasteri. Ina Dibaji na sura 73, na sehemu kubwa yake inahusu mambo ya nyumbani: nani apike wiki hii, nani ashike stoo, aliyechelewa mezani akae wapi, mgonjwa apewe nini, mgeni apokewe vipi. Benedikto aliamini kwamba moyo wa mtu hujulikana pale anapopewa ufunguo, sufuria au jembe. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walipofika Pugu mwaka 1888, kisha wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, hawakuishia kwenye mimbari. Walijenga karakana, mashamba, hospitali na mitambo ya kuchapa vitabu. Sala na kazi vilikwenda pamoja. Hapa karibu na Nairobi, yeyote anayetaka kuona maisha hayo yanavyopangwa kwa saa, anaweza kupanda matatu hadi Tigoni na kusali Masifu ya Jioni na wamonaki.

Sasa tuje kwenye malalamiko yetu.

1. Mwaka mmoja umekuwa Jumamosi tatu

Programu ilikuwa ya mihula miwili. Wanafunzi 40 waligawanywa katika makundi manne ya watu kumi, na kila kundi lilikuwa na mkuu wake. Idadi hiyo ilitoka Sura ya 21, inayosema wakuu wa kumi wachaguliwe kwa mwenendo mwema na hekima, wala si kwa kutangulia kufika. Mkenya yeyote aliyewahi kusikia habari za Nyumba Kumi anaelewa mara moja kwa nini watu kumi: ni idadi ambayo mtu akikosekana, anaonekana.

Leo ni Jumamosi tatu ukumbini, watu 150, kipaza sauti, chai ya saa nne, cheti saa kumi jioni. Sura ya 58 inamtaka mgeni anayetaka kuingia monasterini asomewe Kanuni yote mara tatu: baada ya miezi 2, baada ya 6 mingine, na baada ya 4 tena. Jumla ni mwaka. Mara ya kwanza anaambiwa: hii ndiyo sheria unayotaka kuishi chini yake, ukiweza ingia, usipoweza nenda zako kwa uhuru. Hatujawahi kuwataka wanafunzi waishi kama wanovisi, yaani watawa walio katika majaribio. Lakini sababu ya urefu ule inamhusu mwanafunzi pia. Katika wiki tatu za mwanzo kila mtu ni mpole. Uvivu, hasira na ubinafsi hutokeza kuanzia wiki ya sita hivi, mitihani inapokaribia na zamu inapoanza kuchosha. Mlezi hukutana na mtu halisi wakati huo. Programu ya Jumamosi tatu humaliza kazi kabla mtu huyo hajajitokeza.

Kuna na hili la walezi kubadilishwa kila muhula. Kati ya nadhiri tatu za Mbenediktini, ya kwanza ni kudumu mahali pamoja na watu wale wale. Wanafunzi wetu wengi huhama vyumba Roysambu na Kahawa mara mbili kwa mwaka wakifuata kodi nafuu. Kundi la kumi lilikuwa pengine kitu pekee maishani mwao mjini ambacho hakikuhamahama.

2. Zamu ya jikoni imefutwa

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo uongozi ulipofundishwa zaidi, na ndipo hasara ni kubwa.

Sura ya 35 inaanza kwa kusema ndugu wahudumiane, na asiachiliwe mtu yeyote na huduma ya jikoni ila kwa ugonjwa au shughuli kubwa ya manufaa. Kila kundi la kumi lilishika zamu wiki moja, Jumapili hadi Jumapili. Kanuni inaweka makabidhiano Jumamosi. Tuliyahamishia Jumapili jioni ili wanafunzi Waadventista wasikwazwe. Kazi iligawanywa hivi: wawili wapishi, wawili wa maji na moto, watatu wa kugawa chakula, wawili wa kuosha, mmoja wa stoo. Mkuu wa kumi alikuwa daima mmoja wa waoshaji. Hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha hilo, hata mkuu alipokuwa rais wa serikali ya wanafunzi.

Mlo mkubwa ulikuwa chakula cha jioni cha Ijumaa, cha watu 50 pamoja na wageni. Kwa githeri ilihitajika kilo 5 za mahindi makavu na kilo 3 za maharagwe. Vyote vililowekwa Alhamisi jioni, kila kimoja chombo chake. Mahindi yalitangulia motoni saa moja na nusu, maharagwe yakafuata. Nyanya na chumvi viliingia mwisho, maharagwe yakishaiva, kwa sababu uchachu wa nyanya huyafanya maganda yakatae kulainika. Kwa kuosha vyombo vya watu 50 ilitakiwa mitungi 6 ya lita 20 iwe imejazwa mapema, maana maji ya Nairobi huja kwa mgao na bomba halina huruma na ratiba ya mtu. Karai tatu: la sabuni, la kusuuza, la maji moto.

Sasa angalieni kinachoharibika. Aliyepaswa kuloweka Alhamisi alikuwa na mtihani, akasahau, na hakumwambia mwenzake. Ijumaa saa moja jioni watu 50 wamekaa, mahindi bado mawe. Hakuna somo la darasani juu ya kupanga kazi na kutoa taarifa linaloweza kuingia kama hilo. Kundi lilijifunza kuweka mtu wa pili kwa kila kazi muhimu, na mkuu wa kumi alijifunza kuuliza Alhamisi jioni, kwa upole, bila kungoja mambo yaharibike Ijumaa.

Sura hiyo hiyo ina agizo dogo ambalo wasimamizi wengi wa kazi wangefaa kulijua. Watumishi wa wiki wapewe kinywaji na mkate saa moja kabla ya mlo, juu ya fungu lao la kawaida, ili wahudumu bila manung'uniko na bila taabu kubwa. Kwetu ilikuwa chai na vipande viwili vya mkate saa kumi na mbili jioni. Gharama yake ni ndogo. Mwanafunzi anayeizoea hatamfanyisha mfanyakazi wake kazi na njaa atakapokuwa na kampuni au ofisi yake.

Mahali pa haya yote pamewekwa siku moja kwa mwaka ya usafi, ambapo wanafunzi wanapewa fulana mpya, wanapigwa picha wakiwa na mifagio, na gari la chuo linawarudisha kabla ya saa sita. Mifagio hiyo tuliikuta stoo bado ina karatasi za dukani.

3. Stoo, daftari na bustani

Sura ya 31 inamwambia mtunza stoo avitazame vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 32 inamwagiza abate, yaani mkuu wa monasteri, awe na orodha ya vifaa, ndugu wanapopokezana kazi ajue anachotoa na anachopokea. Kutoka hapo likaja daftari letu: kifaa, idadi, hali kilipotoka, hali kiliporudi, sahihi ya anayetoa, sahihi ya anayepokea. Sahihi mbili kila mara. Sahihi moja ni hadithi.

Jembe lilirudishwa limeoshwa, limekaushwa na kupakwa mafuta kidogo kwenye chuma. Likiwekwa na udongo mbichi, asubuhi ya pili kutu imeanza, na mpini unaolala kwenye unyevu hulegea shingoni. Mwanafunzi aliyerudisha jembe chafu hakutozwa faini. Alirudishwa nalo kwenye bomba. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa katika daftari unaonyesha majembe 14, reki 6, fyekeo 8 na makarai 9. Tangu ufunguo uhamie ofisini hakuna ukurasa mpya, na tulipochungulia dirishani tulihesabu majembe 5, mawili bila mpini. Hatumshuku mtu wizi. Tunasema tu kwamba mahali ambapo haiandikwi, hakuna awezaye kujitetea, hata asiye na hatia.

Bustani ya nyuma ya maktaba sasa ni maegesho. Ilikuwa na matuta ya sukuma wiki, mche na mche sentimita 45, mstari na mstari 60, viganja viwili vya samadi iliyooza kila shimo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kosa hilo lilifanyika kila mwaka na kila mwaka lilifundisha. Majani yalichumwa ya chini, yakaachwa ya juu matano ili mmea usidhoofike. Sura ya 57 inasema bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili tamaa isiingie. Tuliuza hivyo, lakini ndani ya chuo peke yake, tusimharibie biashara mama mboga wa nje ya geti. Pesa ziliingia katika mfuko wa nauli wa wanafunzi wasiojiweza. Tunaomba kujua mfuko huo uko wapi na una kiasi gani. Swali hili liko katika barua zetu zote mbili na halijajibiwa.

4. Baraza limegeuka fomu

Sura ya 3 ni fupi. Kila kukiwa na jambo kubwa, abate aite jumuiya nzima, aeleze mwenyewe jambo lenyewe, asikilize shauri la ndugu, alipime moyoni, kisha aamue. Wote waitwe, inasema, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Kwa mambo madogo wazee watatosha.

Baraza la programu tulilifanya hivi. Siku tatu kabla, jambo liliandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa. Kikao kilianza kwa dakika tano za ukimya. Aliyejiunga mwisho alisema kwanza, aliyetangulia akasema mwisho, mkuu hakusema kitu hadi duru iishe. Kanuni haisemi mdogo aanze. Hilo tuliliongeza baada ya kuona kwamba katika jamii yetu mkubwa akishatoa kauli, wadogo wote husema "naunga mkono", na mkutano umekwisha ukiwa bado haujaanza. Katibu aliandika hoja bila majina. Uamuzi ulikuwa wa mkuu, lakini alilazimika kuusoma pamoja na sababu zake ndani ya wiki moja.

Sasa inatumwa fomu kwenye kundi la WhatsApp yenye majibu manne ya kuchagua, na inafungwa baada ya saa 24. Uamuzi wa kuifupisha programu yenyewe haukupitia hata fomu hiyo. Neno la kwanza la Kanuni katika Kilatini ni agizo la kusikiliza. Fomu yenye majibu yaliyoandikwa tayari haimsikilizi mtu.

5. Unyenyekevu na utii vinatumiwa kunyamazisha

Padri, kati ya yote, hili ndilo linalotuumiza.

Sura ya 7 ina ngazi 12 za unyenyekevu. Ofisi imezifanya fomu ya maksi, 1 hadi 5 kwa kila ngazi, na mwanafunzi anajipima na kupimwa na mwenzake. Ngazi ya 7 inazungumzia mtu kukiri na kuamini moyoni kwamba yuko chini ya wote. Maneno hayo aliandikiwa mmonaki mwenye mlezi wa roho, katika nyumba ambayo abate mwenyewe amefungwa na Kanuni ile ile. Ukimpa fomu hiyo msichana wa mwaka wa kwanza, wa kwanza kwao kufika chuo, aliyekuja Nairobi tayari akiona wenzake wote wanamzidi Kiingereza na nguo, atajipa 5 bila kusita. Ofisi itasoma kwamba amekomaa. Kumbe amezama. Walezi tuliifundisha sura hiyo mwishoni kabisa mwa muhula wa pili, kwa makundi madogo, na kwa tahadhari ya kuwaonyesha tofauti ya unyenyekevu na kujidharau: mnyenyekevu anaweza kupokea sifa na lawama bila kuyumba, anayejidharau huvunjwa na vyote viwili. Sura ya 64 inamwonya abate asikwangue kutu kwa nguvu mno akatoboa chombo. Fomu hii inatoboa.

Utii nao. Muhula uliopita mwanafunzi aliuliza mkutanoni habari za mfuko wa nauli. Alikemewa palepale mbele ya ukumbi kwamba hana roho ya utii, na jina lake likaondolewa katika orodha ya wanaopewa cheti. Sura ya 23 inaweka utaratibu kwa mtu aliyekosa kweli: aonywe kwa siri mara ya kwanza, aonywe kwa siri mara ya pili, na ndipo akemewe hadharani. Yeye hakuwa amekosa, na alianzia hatua ya tatu. Sura ya 2 inasema abate atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa mambo mawili, mafundisho yake na utii wa wanafunzi wake. Na Sura ya 3 inamtaka abate afanye yote kwa kumcha Mungu na kwa kuishika Kanuni. Kiongozi anayedai utii bila kuonyesha hesabu ametoka nje ya Kanuni anayoinukuu.

6. Ada na siku

Kwa ufupi. Programu ilikuwa ndani ya karo; sasa ina ada yake ya shilingi 9,500, nao wanaotegemea mkopo wa HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) wameacha kuomba. Na kuiweka Jumamosi tu ni kuwafungia nje Waadventista. Sura ya 53 inataka wageni wote wapokewe kama Kristo, na maskini kuliko wote. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha dini yake. Waislamu waliopita katika programu yetu walihudumu zamu, walikaa barazani na hawakulazimishwa Masifu. Mpango huo ulifanya kazi.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa jikoni kuna masharti ya afya. Ni kweli, na masharti ni mazuri. Anayeshika chakula Kenya anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6. Wapishi wawili na wagawaji watatu kwa kila kundi ni watu watano. Mara makundi manne ni vipimo 20 mwanzoni mwa mwaka na 20 katikati. Waliobaki huosha, huteka maji na kushika stoo. Mpishi mkuu wa mkahawa alikwisha kukubali mpango huo. Aliyesimamisha si yeye.

Tutaambiwa wanafunzi wa leo hawataki kuosha sufuria. Hata wa jana hawakutaka. Zamu ya kwanza ya kila kundi ilijaa visingizio, na ndiyo sababu Kanuni inasema mara kwa mara juu ya manung'uniko. Tulilojifunza ni kwamba manung'uniko hupungua mkuu anapoonekana mikono yake ndani ya karai.

Tutaambiwa sisi si wamonaki. Wamonaki wa Benedikto wenyewe wengi hawakuwa mapadri. Sura ya 60 na ya 62 zinamtaja padri kama mtu wa pekee anayehitaji maelekezo yake. Vyuo vya Kibenediktini vya Marekani vilipokaa mwaka 2007 kueleza alama zao, vilitaja kumi, miongoni mwake jumuiya, ukarimu, utunzaji wa mali, unyenyekevu, kudumu na utii, na viliziandika kwa ajili ya wanafunzi walei wa dini mbalimbali. Kwa hiyo swali la kama Kanuni inaweza kumlea mlei lina jibu.

Tutaambiwa wafadhili wanataka idadi. Hapo tuna jambo la kusema kwa uwazi. Mfadhili akionyeshwa wahitimu 150 wa Jumamosi tatu na wahitimu 40 wa mwaka mzima, atachagua 150 ikiwa hilo ndilo jedwali pekee alilopewa. Mpelekeeni pia daftari. Mwonyesheni kurasa za sahihi mbili kwa wiki 28. Walezi wawili wako tayari kukaa na ofisi kuandaa ripoti hiyo bila malipo.

Na tutaambiwa kwamba kuandika hadharani ni kukosa utii. Sura ya 68 inamruhusu ndugu aliyepewa mzigo usiowezekana amweleze mkubwa wake sababu, kwa saburi, kwa wakati ufaao, bila kiburi wala ubishi. Tumefanya hivyo mara mbili kwa maandishi. Wanafunzi hawajaweka nadhiri. Wamelipa karo kwa programu iliyoandikwa katika kijitabu cha udahili, na kijitabu hicho bado kinasema mihula miwili.

Tunachoomba

Tunaomba mambo haya yafanyike kabla ya muhula huu kufungwa, na tumeyapanga kwa uharaka wake.

Kwanza, fomu ya ngazi 12 isimamishwe leo, na zilizojazwa zirudishwe kwa wenyewe au zichomwe. Zina habari za moyoni za vijana, na hazipaswi kukaa kwenye kabati la ofisi. Pamoja na hilo, jina la mwanafunzi yule lirudishwe kwenye orodha, na aambiwe mbele ya ukumbi ule ule kwamba swali lake lilikuwa halali.

Hesabu ya mfuko wa nauli na ya ada ya programu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kilichoingia, kilichotoka, aliyeidhinisha.

Stoo ifunguliwe, vifaa vihesabiwe na watu watatu, mmoja wao mwanafunzi, na daftari lianze upya. Kama ardhi ya bustani haiwezi kurudi, tunajua uchochoro wa mita 6 kwa 20 ulio kati ya kanisa na ukuta. Unapata jua la asubuhi na una bomba. Unatosha matuta manne.

Baraza liitwe kwa utaratibu wa Sura ya 3, ajenda ikiwa moja: programu irudi mihula miwili au la, na kwa masharti gani. Hatuombi tushinde kabla ya kikao. Padri, uamuzi ni wako, nasi tutauheshimu ukitolewa kwa sababu zinazosomwa mbele ya watu. Siku isiwe Ijumaa mchana wala Jumamosi.

Kama mihula miwili itashindikana mwaka huu, tuko tayari kuanza na makundi mawili ya kumi kwa muhula mmoja, zamu ya jikoni kila Ijumaa tu, baraza mara moja kwa mwezi. Chini ya hapo tunaomba jina la Mtakatifu Benedikto liondolewe kwenye bango na kwenye cheti, na programu iitwe mafunzo ya Jumamosi.

Daftari la zamani la vifaa liko kwetu, lina kurasa zote hadi ule wa mwisho ulioandikwa. Tutalileta siku ya kikao pamoja na ufunguo wa pili wa stoo, tulioambiwa tuurudishe lakini hatukupata mtu wa kutia sahihi ya kuupokea.

Wenu katika Kristo,

Walezi na wahitimu wa programu ya Malezi ya Uongozi

Nakala: Serikali ya Wanafunzi, Kasisi wa Wanafunzi, Mpishi Mkuu wa mkahawa